Mdogo Wangu, Besi Hiyo Inakudanganya

Haya sogea, mdogo wangu, na hiyo simu ilaze kifudifudi kwanza. Msimu wa ufuta ukishapita huku Lindi, maswali yananijia ya namna moja: dada, nimeshika hela kidogo, biti zangu hazigongi, nipande basi nikachukue sabufa Kariakoo? Mwingine hata haulizi. Ananitumia picha, boksi limeshashushwa Nangurukuru linasubiri bodaboda ya Masoko, na chini kaandika, "Sasa watanitambua." Watakutambua kweli, baba, na wa kwanza ni mwenye nyumba.

Sikucheki, usinune. Najua kinachokusukuma. Wimbo wako uliwekwa kwenye harusi, muziki mkubwa umefungwa uwanjani, kabla yako imepigwa ngoma ya msanii wa Dar na besi imemwingia kila mtu kifuani. Ikaja yako. Watu wakaanza kukumbuka soda zao. Wewe umesimama nyuma ya DJ unajifanya unasoma meseji. Aibu ile karibu kila prodyuza wa chumbani ameinywa, toka Kivinje mpaka Mchinga mpaka Lindi mjini, na haijamuua mtu. Kinachoponza ni uamuzi unaokatwa usiku uleule, moyo bado unachoma: nimekosa chombo, nikipata chombo mambo yamekwisha. Kipya kinyemi ingawa kidonda, na kidonda hiki unakwenda kukilipia taslimu.

Tuelewane kwanza ni chombo gani. Lile seti la sebuleni, boksi moja kubwa na vispika viwili, taa za rangi zinazofuata mdundo, tundu la flashi, redio na rimoti, hilo mama akiliwasha siku ya Idi na mimi nacheza. Limetengenezwa limfurahishe mnunuzi palepale dukani. Besi imenyanyuliwa makusudi, na mara nyingi noti zote za chini zinatoka na "bum" moja, hujui ni gitaa limehama noti au ni ngoma imepigwa. Sabufa ya studio haina taa. Ni boksi jeusi lililonuna, vifundo viko mgongoni, na kazi yake ni kukwambia ukweli hata ukiuma. Ukimiksia kwenye seti la sebuleni, unahangaika kurekebisha uongo wa lile boksi, na wimbo wenyewe hujaugusa.

Sasa hapa tega sikio, maana ndipo mnapoanguka wengi. Besi ikizidi chumbani, wimbo unatoka mwembamba. Soma tena taratibu. Sikio likishashiba mngurumo wa sabufa, mkono wenyewe unakwenda kupunguza besi kwenye programu, na unaridhika, unaona umepata uwiano. Ukiuweka kwenye bajaji, ambako sabufa yako haipo, unabaki na sauti ya mwimbaji na michakacho. Na yule mwenzio asiye na sabufa, anayemiksi kwa vispika vidogo, huko chini hasikii kitu, basi anaongeza, anaongeza, halafu anaongeza tena. Wimbo wake ukifika uwanjani spika zinakohoa na mwenye muziki anamtukana. Mmoja kazidishiwa, mmoja kapunjwa, wote wawili wameharibu, na kila mmoja wenu anadhani tiba yake ni kuwa na alichonacho mwenzake. Ndiyo maana nasema usikimbie. Ukiipachika bila kuipima, mwezi ujao utakuwa na biti nyembamba kuliko za leo, na hela ya ufuta imeshakwenda.

Watoto wa Kilwa mnaijua farumi, yale mawe au mchanga unaopakiwa chini kabisa ya chombo kabla ya kuondoka. Abiria haioni. Ikipungua, jahazi linalala ubavu kwa upepo kidogo. Ikizidi, mnazama pamoja na shehena. Na ikipakiwa ovyo ikaserereka upande mmoja, hata kama kipimo kilikuwa sawasawa, mnapinduka. Besi ya wimbo ndiyo hiyo, na sijawahi kumsikia nahodha anayejisifia farumi.

Lakini nisije nikakuonea nikasema sabufa haina maana. Ina maana yake. Spika ndogo za studio za inchi 5, kama zile Yamaha HS5 mnazozipenda, kampuni yenyewe inaandika kwamba zinashuka mpaka hezi 54, na hapo zimeshachoka. Kamba nene ya gitaa la besi la kawaida, ikipigwa wazi, inatetema kwenye hezi 41. Zile kiki ndefu ambazo chimbuko lake ni mashine ya Roland TR-808 ya mwaka 1980, na ile log drum ya amapiano iliyotoka Afrika Kusini ikaingia Bongo Fleva bila kubisha hodi, sehemu kubwa ya nguvu zake iko hukohuko chini. Wewe mwenye spika ndogo unamiksi kwa kukisia. Kuna na takataka usizozisikia: upepo wa bahari uliopiga maiki, mguu wa mtu aliyegonga stendi, mngurumo wa feni. Vyote vimelala chini ya wimbo, na ukifika kwenye muziki mkubwa vinakula nguvu ya amplifaya bila kumchezesha mtu. Sabufa nzuri inakuonyesha uchafu huo ukaufagia, ukakata ya chini kwenye sauti ya mwimbaji na kinanda, ukawaachia nafasi kiki na gitaa la besi. Sababu ya maana ya kuinunua ndiyo hiyo. Kutikisa mtaa ni sababu nyingine, na mimi siitambui.

Sasa tuingie chumbani kwako, na nikisema chumba usione nakudharau. Wengi wenu mnapanga chumba cha futi 10 kwa 10. Hicho, mpenzi, kwa besi ni taabu tupu. Sauti kwa joto letu la pwani inakwenda karibu meta 350 kwa sekunde, kwa hiyo wimbi la hezi 50 lina urefu wa meta 7. Chumba chako ni meta 3 na kidogo. Wimbi halienei, linagonga ukuta, linarudi, linakutana na lenzie. Noti iliyo karibu na hezi 57, ambayo nusu ya wimbi lake inalingana na upana wa chumba, inavimba ukutani na kufifia katikati. Na kwa sababu urefu na upana wako ni sawa, zinavimba mbili pahala pamoja. Ukiwa na dari nalo la futi 10, zimekuwa tatu. Unakaa katikati ya chumba kama bwana harusi, noti hiyo huisikii, unaiongeza. Rafiki yako aliyeegemea ukuta anapiga kelele, "kaka, hii imekaa!" Nyote hamjadanganya. Chumba ndicho kimewagawanya.

Na vyumba vyetu havifanani. Wale mliobahatika kupata chumba kwenye nyumba kongwe za mawe na chokaa pale Kivinje, kuta nene zile zinaishika besi, haitoki, inazunguka humo ndani na kuvimba. Wa nyumba ya udongo na makuti besi inapenya paa na ukuta inajiendea zake, kwa hiyo ndani mambo si mabaya sana, ila mtaa mzima unakusikia. Na walio wengi wako chini ya bati. Bati la geji 30 lisilo na dari ni mpigaji wa nne kwenye bendi yako. Kila ikija noti fulani linatetema "zzzz," unadhani wimbo umekwaruza, unakesha unatafuta kosa kwenye kompyuta wakati kosa liko juu ya kichwa chako limeshikiliwa na misumari miwili. Panda ukakaze misumari kwanza. Wala usione haya, hata wakubwa yamewakuta. Filamu ya Earthquake ilipotoka Marekani mwaka 1974 ikiwa na spika kubwa za kutikisa watazamaji, husimuliwa kwamba ukumbi mmoja maarufu wa Hollywood ulianza kudondosha vipande vya dari, ikabidi wafunge wavu juu ya vichwa vya watu. Nao walikuwa na mafundi.

Zile trei za mayai mlizobandika ukutani, tusameheane. Nani aliwaambia? Zinapunguza kidogo michakacho ya juu, lakini wimbi la meta 7 litaitambuaje karatasi ya mayai? Sponji nyembamba nayo ni hivyohivyo. Cha kusaidia huko chini ni unene: magunia ya sufi au pamba yaliyojazwa vizuri, robota la mitumba, godoro zito limesimamishwa kwenye kona likiacha nafasi nyuma yake. Kona ndiko besi inakokusanyika, basi huko ndiko upeleke mzigo. Haitakuwa studio ya Ulaya. Itapungua makali, na ukipunguza makali ya chumba umeshafanya nusu ya kazi ambayo ungeitegemea sabufa. Tena sufi huku kwetu si kitu cha kuagizwa Dar.

Ukishafanya hayo na bado roho yako inataka, haya, nunua. Lakini usiisukumie tu chini ya meza kwa sababu ndipo penye nafasi, wala kwenye kona kwa sababu huko inavuma zaidi. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, na wewe utainama kwelikweli. Iweke sabufa pale unapokaa, juu ya kiti chenyewe. Piga mstari wa besi unaopanda na kushuka, noti baada ya noti. Halafu wewe tembea kwa magoti ukifuata ukuta wa mbele, kichwa kikiwa chini, usikilize. Kuna mahali noti moja inanguruma na nyingine inapotea, pita. Utafika mahali noti zote zinasikika karibu sawa. Hapo weka alama ya chaki, na sabufa ndipo itakapokaa. Watakucheka wadogo zako wakichungulia dirishani. Waache wacheke. Na wewe kiti chako kitoe katikati ya chumba, sogea uangalie ukuta wa mbele, masikio yawe futi 4 kasoro kidogo kutoka ukuta huo, uanzie hapo kujaribu.

Vifundo vya mgongoni visikutishe. Kimoja ni cha kugawa kazi, yaani juu ya hapa wafanye spika, chini ya hapa ifanye sabufa. Anza na hezi 80. Pitisha waya wa kompyuta kwanza kwenye sabufa, kisha utoke humo kwenda kwenye spika, ili spika ziachishwe mzigo wa chini. Usipofanya hivyo, spika na sabufa wote wanabeba gunia moja, na pale wanapokutana besi inavimba bila sababu. Kuna swichi yenye alama ya 0 na 180. Watu wengi hawaigusi mpaka sabufa inakufa. Piga noti ya hezi 80, mtu abadilishe swichi wewe ukiwa umekaa pale unapokaa, na pale sauti inapojaa zaidi ndipo pako. Upande ule mwingine spika na sabufa zinavutana, zinafutana, na wewe unaongeza besi kwenye wimbo ili kuponya ugomvi usio wa wimbo.

Halafu kiasi. Hapa ndipo roho ya mtu inapopimwa, maana mkono unataka kuzungusha kifundo mpaka mwisho. Weka wimbo unaoujua, uliomiksiwa na mtu unayemheshimu, wa mtindo uleule unaofanya wewe. Panda polepole kutoka sifuri. Siku uliyoipatia, hutasema "sabufa hiyo." Utaona tu spika zako ndogo zimekuwa kubwa. Ukiizima ndipo utahisi kuna kitu kimeondoka. Wengi hawafurahi wakifika hapo. Wanasema mbona sisikii nilichonunua? Ndiyo umeshakipata, mdogo wangu, tulia. Ukiongeza ili uisikie unarudi kulekule kwenye wimbo mwembamba niliokwambia.

Halafu kuna kosa la sauti kubwa. Mnaanza saa 2 usiku kwa staha, ikifika saa 5 kifundo kimeshapanda mara kadhaa na nyie hamjui. Sikio la binadamu haliisikii besi vizuri sauti ikiwa ndogo, ikiwa kubwa linaisikia zaidi. Wamarekani wawili, Fletcher na Munson, walilipima jambo hilo wakalichapisha mwaka 1933, kwa hiyo si maneno ya dada yako. Maana yake ni kwamba ukimiksi kwa kelele, besi inaonekana tele, unaridhika. Asubuhi ukiuweka kwa sauti ya chini wakati mama anachambua mchele, besi imekimbia. Chagua kiwango kimoja ambacho wewe na mtu aliye karibu nawe mnaongea bila kupaza sauti, kiwekee alama ya tepu, na ufanyie kazi hapohapo. Ukitaka kunyanyua, nyanyua dakika moja, furahi, shusha. Na masikio yakivuma unapokwenda kulala, hilo ni onyo. Shirika la Afya Duniani na wataalamu wengine wanahesabu desibeli 85 kuwa mpaka wa kuangalia kwa anayekaa humo saa 8, na kila ikipanda kidogo muda unapungua haraka. Spika inanunuliwa nyingine. Sikio umepewa hilo hilo.

Wafanya singeli mko wapi? Nyie nina neno lenu. Singeli ilizaliwa kwenye mitaa ya Dar, ikashika njia ya kusini, na sasa hata huku vijana wanaitengeneza. Mwendo wake unavuka mapigo 200 kwa dakika. Chukua 240, hizo ni kiki nne kila sekunde. Chumba chako kikiishikilia besi nusu sekunde tu baada ya kupigwa, tayari kiki mbili zimepandana, ya tatu inagonga mlango. Mkia mrefu wa besi ambao kwenye amapiano ni utamu, kwenye singeli ni matope. Sabufa haitawasaidia mpaka mkate mikia ya kiki iwe mifupi na chumba kitulizwe. Na nyie mnaorekodi ngoma za wazee, za unyago na nyinginezo, mkazichanganya na biti, Mungu awape heri, ila msiziongezee besi kwa fujo. Mpigaji ameipasha ngozi moto ili ikaze, itoe sauti aliyoikusudia. Wewe unaijaza mngurumo wa kompyuta mpaka bibi aliyeipiga hawezi kuitambua. Sikiliza kwanza alichofanya yeye.

Tuje kwa majirani, na hapa sitanii. Unafunga mlango na dirisha, unafikiri umezuia. Sauti za juu zimezuiwa, ni kweli. Besi inapita kwenye tofali la saruji kana kwamba haikuliona. Wewe ndani unasikia wimbo, maneno, kinanda, raha. Jirani upande wa pili anasikia ngu, ngu, ngu, bila wimbo, toka magharibi mpaka usiku wa manane, tena sehemu moja ya sekunde nane unayoirudiarudia kwa sababu hujaipenda kiki. Huyo jirani ana mtoto mchanga. Yule wa pili ana presha. Kichwa chao kinagonga na hawajui hata wamlaumu nani, wanajua tu wewe si kijana mzuri. Huku Kilwa mtu hatakuja kukugombeza siku ya kwanza. Ataguna, atanyamaza, siku ya msiba wenu utashangaa mbona watu wachache. NEMC, wasimamizi wa mazingira, wana kanuni za kelele na mitetemo, lakini sipendi ufikishane huko na mtu uliyekula futari kwake.

Nenda kabla hujaiwasha. Piga hodi, ukae ukikaribishwa. "Shikamoo mama, nimeanza kazi ya muziki pale chumbani, kuna spika nzito kidogo. Saa ngapi inakusumbua?" Mwachie namba yako, mwambie akiona imezidi akutumie mtoto. Ikisikika adhana, zima. Mtaani pakiwa na msiba, iache imezimwa mpaka watu waanue tanga. Mwezi wa Ramadhani fanyia kazi hedifoni. Iweke sabufa juu ya sponji nzito au vipande vya mpira wa tairi isikanyage sakafu moja kwa moja, mtetemo unapungua. Utaona jinsi mtu aliyeulizwa anavyovumilia kuliko aliyeshtukizwa.

Na hedifoni zako usizigawe. Usiache mbachao kwa msala upitao. Hedifoni hazijui chumba, wala bati, wala jirani. Kwa mtu wa futi 10 kwa 10, hedifoni nzuri zilizozoeleka sikioni, pamoja na spika mbili ndogo, zitamfikisha mbali kuliko sabufa iliyokaa vibaya. Tena sabufa yenyewe si ya kuwashwa saa zote. Fanya kazi yako kubwa bila hiyo, iwashe kukagua, sikiliza, andika unachosikia, izime, rekebisha. Mtu anayeiacha inawaka tangu anatengeneza biti mpaka anamaliza ameshailewea, hawezi kumshauri mtu.

Kisha utoke nje na wimbo wako. Watu wako wanausikiliza wapi? Kwenye simu ndogo iliyoegemezwa kwenye kikombe, kwenye bajaji, kwenye redio ya muuza pweza pale ufukweni. Spika ya simu haitoi kabisa hezi 50, hata ukiipigia magoti. Ila sikio lina ujanja wake: likisikia sauti za juu zinazozaliwa na noti ya chini, linajijazia lenyewe ile ya chini isiyokuwepo. Kwa hiyo ipake besi yako ukwaruzo kidogo, uipate pia kwenye hezi 100 na 200, ndipo bibi mwenye kitochi naye ataitingishia bega. Na ya chini kabisa iache katikati, usiitawanye kushoto na kulia, maana vyombo vingi vya mtaani vina spika moja tu na besi iliyotawanywa hovyo inaweza kujifuta yenyewe.

Washikaji zako watakwambia ongeza. Kila siku watakwambia ongeza. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na wao wamekuja kucheza, hawakuja kukagua. Wape soda, wasikilize, halafu usiguse kifundo mpaka asubuhi. Na nyie mabinti mnaomiksi, ambao mkiingia studio mnatumwa maji na vijana wanashika kompyuta, hizo swichi za mgongoni zigeuzeni nyie wenyewe. Sijaona mahali palipoandikwa kwamba sikio la besi lina ndevu.

Umeme nao usiusahau. Unapokatika chomoa, usisubiri urudi na mshindo wake. Ukiwasha, kompyuta kwanza, spika na sabufa mwisho. Ukizima, anza na hizo. Na chumvi ya bahari yetu inakula viungio vya waya taratibu. Funika kwa shuka safi ukimaliza, chomeka na chomoa waya mara kwa mara, futa kutu ingali changa.

Wewe ambaye umeshainunua na imekataa kukaa sawa, usiitupe wala usiiuze kwa hasira. Ishushe sauti, rudia kutembea kwa magoti, na kila ulichokiongeza kwenye wimbo wiki hii kirudishe ulipokikuta. Ukimaliza nitumie wimbo, ila nitumie faili lenyewe. Hizi video mnazorekodi spika kwa simu mimi sizifungui. Nitausikiliza kwenye hedifoni, halafu kwenye simu ya mama jikoni, na nikikwambia kiki imezidi, usininunie siku mbili kama mara ile.